Fungate Kerala: Twendeni Tukaone, Tusiende Kuonekana



Kila msimu wa harusi ukikaribia, dukani kwetu huingia bi harusi mwenye simu mkononi na picha ishirini ndani yake. Anataka gauni la kuteremkia uwanja wa ndege, la chakula cha usiku, la ufukweni, la kwenye boti na la kurudia nyumbani. Tukimuuliza safari ni ya wapi, hututajia nchi. Tukimuuliza huko kuna nini, hutufungulia picha nyingine: mwanamke amesimama mbele ya maji, ametupa mgongo, mtandio unapepea.

Tuseme kweli tangu mwanzo, magauni hayo ndiyo yanayotulisha. Tumetoka skuli tukajifunza ushonaji, na kwa cherehani tumelipa kodi ya duka na ada za watoto. Kwa hivyo tunayoyasema leo yanatugusa mfukoni. Lakini tuliwahi kumshonea bi harusi mmoja magauni saba ya fungate. Akaenda, akarudi, na mwaka wa pili akaja na mfuko, akatuomba tumuuzie matano kwa sababu deni la safari lilikuwa bado halijesha. Tukamuuliza ni mahali gani palimpendeza zaidi. Akafikiri, akasema, "Hoteli." Tuliyatundika magauni yale dukani, na kila tukiyatazama tuliona haya, maana gauni la sita na la saba ni sisi tuliomhimiza.

Rai yetu ni hii. Safari ya fungate ni jambo jema, lakini tuende kuona, tusiende kuonekana. Na mfano wetu ni Kerala, jimbo la pwani lililo kusini magharibi mwa India.

Tulivyofika

Sisi hatukwenda Kerala kwa fungate. Fungate yetu ilikuwa ya kizamani, siku saba ndani, na somo mlangoni akipokea masinia. Miaka kumi na moja baadaye tulimpeleka mama mkwe Kochi kutibiwa. Alipopata nafuu, wifi akabaki naye, nasi na baba watoto tukapata siku saba za kutembea. Begi letu lilikuwa na mabaibui mawili ya pamba na viatu vya kutembelea hospitali. Hatukuwa na cha kuonyesha mtu, na pengine ndiyo maana tuliona mengi.

Kochi

Kochi ni mji wa bandari. Ukitoka upande wa maduka makubwa unavuka kwa feri, au kwa boti mpya za umeme zilizoanza mwaka 2023, unafika Fort Kochi. Ufukweni zimesimama nyavu za Kichina: magogo marefu yaliyofungwa mfano wa mkono mkubwa, na mawe yananing'inia nyuma kuwa uzito. Wanaume kadhaa huvuta kamba kwa pamoja na wavu hupanda. Watu wengi hupiga picha jua likizama, wakaondoka. Wewe kaa utazame wavu ukitoka majini. Mara nyingi samaki waliomo hawajazi hata sahani. Hapo utajua kwamba wale wanatafuta riziki, hawakuwekwa pale kupamba picha yako.

Si mbali na hapo lipo Kanisa la Mtakatifu Francis, alikozikwa Vasco da Gama mwaka 1524 kabla mabaki yake hayajapelekwa Ureno. Ni yule yule aliyepita kwetu, akatoka Malindi mwaka 1498 na kufika pwani hii kwa msaada wa rubani aliyempata Malindi. Mtaa wa Mattancherry una sinagogi la Wayahudi la mwaka 1568, na maduka ya viungo yanayonukia hiliki, tangawizi na pilipili manga. Mwenye duka mmoja alitushika mkono wa maneno nusu saa akitaka kutuuzia karafuu. Tulipomwambia tunatoka Zanzibar alicheka mpaka akakaa, akatuagizia chai.

Alappuzha

Kusini ya Kochi ndiko kwenye maji ya ndani: mito, mifereji na Ziwa Vembanad, ambalo ndilo refu kuliko yote India. Nyumba zimejipanga ukingoni, watoto huenda skuli kwa mashua, na eneo la Kuttanad lina mashamba ya mpunga yaliyo chini ya usawa wa bahari, yakizuiwa na kuta za udongo.

Maharusi wengi hulala kwenye boti za nyumba. Picha zake mmeziona. Ila wachache huuliza boti zile zimetengenezwaje. Jina lake ni kettuvallam, yaani chombo kilichofungwa. Zamani zilibeba mpunga, na mbao zake huunganishwa kwa kamba za makumbi bila misumari. Yaani zimeshonwa! Sisi mafundi tulipitisha vidole kwenye ule mshono kama tunavyokagua pindo la gauni. Tukakumbuka mitepe ya pwani yetu, nayo ilishonwa kwa kamba za makumbi, na leo hakuna kijana anayeijua ila kwa kusimuliwa. Tukakumbuka na mama zetu wa Jambiani na Paje wanaofukia makumbi pwani, wakayafukua, wakayaponda na kusokota. Kazi hiyo hiyo imelisha wanawake wengi wa Alappuzha. Tulifika mbali kote kule, kumbe tunakwenda kuonyeshwa thamani ya kamba tunayoipita nyumbani bila kuitazama.

Munnar

Kutoka Kochi kwenda Munnar ni mwendo wa saa nne au zaidi, barabara inapanda na kujipinda. Mwenye kichefuchefu abebe ndimu. Juu huko kuna baridi ya koti, na milima imevikwa chai mithili ya zulia lililokatwa kwa mkasi. Mlima Anamudi, wenye mita 2,695, ndio mrefu kuliko yote kusini mwa India. Katika milima hiyo kuna ua liitwalo neelakurinji, linalochanua kwa wingi mara moja kila miaka 12. Mara ya mwisho ilikuwa 2018, kwa hivyo anayeolewa karibuni na ajiwekee nia ya 2030, Inshaallah, akiwa na watoto. Subhanallah, ua linasubiri miaka kumi na mbili, nasi hatuwezi kusubiri simu ichaji.

Kwenye mashamba hayo bi harusi hupenda kupigwa picha na kikapu cha chai. Tunawaomba, kabla ya picha, mjue wanaovaa vikapu hivyo kila siku ni akina nani. Ni wanawake. Septemba 2015 maelfu yao waligoma hapo Munnar bila kutaka viongozi wa kiume wa vyama wawasemee. Walikuwa wamekatwa bonasi, na hawakuondoka barabarani mpaka ikarudishwa. Ukilijua hilo, utamsalimia mama anayechuma chai na kumuomba ruhusa kabla ya kumuelekezea simu.

Kozhikode

Mji huu wa kaskazini ndio uliotukaa moyoni. Wazee waliuita Kalikut, na Waingereza walikipa kitambaa cha pamba jina la calico kwa sababu yake. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, na miaka kadhaa baadaye akafika hapa. Upepo wa kaskazi na kusi ndio uliotuunganisha kabla ya pasipoti.

Mtaa wa Kuttichira una msikiti wa Mishkal, uliojengwa na mfanyabiashara wa Kiarabu mwenye vyombo. Hauna kuba wala mnara. Ni wa mbao, una ghorofa nne, mapaa yake yamepandana kwa ujenzi wa wenyeji, na mbele yake kuna bwawa. Wareno waliuchoma moto mwaka 1510, ukatengenezwa tena. Si kila msikiti wa huko una sehemu ya wanawake, kwa hivyo ulizeni kabla, na beba mswala wako. Msafiri ana ruhusa zake katika swala, asizitumie kuwa kisingizio cha kuipitisha.

Kisha ule. Kuna biriani la Malabar la mchele mdogo mdogo, pathiri ya unga wa mchele, halua za kila rangi kwenye mtaa wa utamu, na alisa ya ngano na nyama. Baba watoto alipoionja alisema, "Hii si boko boko?" Ndiyo, ni boko boko.

Na kuna jambo moja la maharusi. Katika familia nyingi za Waislamu wa zamani wa mji huu, bwana harusi ndiye anayehamia kwa kina bi harusi, na nyumba ni ya upande wa wanawake, kama walivyo wenzetu wa Ngazija. Tulikaa na mama mmoja barazani, yeye Kimalayalam, sisi Kiswahili, mjukuu akitafsiri kwa Kiingereza cha skuli. Akatutolea kitambaa cha kasavu, cheupe cha maziwa chenye pindo la dhahabu, kilichofumwa kwa mkono. Hatukukipiga picha. Tulikishika, tukakinusa, tukajifunza namna pindo linavyofumwa pamoja na kitambaa badala ya kushonewa. Elimu hiyo tunaitumia dukani mpaka leo.

Watakaotupinga

Wapo watakaosema, "Picha ni kumbukumbu, na siku hiyo hairudi." Ni kweli, nasi tunazo picha zetu chache. Hatuharamishi. Tunachouliza ni picha ile unampigia nani. Ukimpigia mtu asiyekujua ili atamani ulichonacho, umeitoa fungate nje ya nyumba yako. Bibi zetu walifunga mlango siku saba ili wawili wazoeane. Sisi tunasafiri maelfu ya kilomita, kisha tunaifungulia dunia nzima chumba chetu. Na Mwenyezi Mungu aliyetuhimiza tutembee katika ardhi ametuhimiza tuitazame tuzingatie.

Kabla hujafunga begi

Nenda kati ya Novemba na Februari. Juni hadi Septemba ni mvua kubwa, na milimani si mchezo: Julai 2024 maporomoko ya ardhi huko Wayanad yaliua zaidi ya watu mia mbili. Usiparamie miji yote. Chagueni miwili au mitatu mkae. Kama hamfiki Munnar, maporomoko ya maji ya Athirappilly yako karibu zaidi na Kochi. Na kama pesa zipo za ukumbi mkubwa au za safari, si za vyote viwili, punguzeni ukumbi. Kama hazipo kabisa, msikope. Tumbatu haijaenda popote, na Pemba ina msitu wa Ngezi ambao wengi wetu hatujaukanyaga. Kuona hakuhitaji viza.

Sisi tumebadilisha desturi ya duka. Bi harusi akija na nguo za fungate, kabla ya kushika futi tunamuuliza kwanza unakwenda kuona nini. Akishindwa kujibu tunampa chai na wiki moja akaulize. Kisha tunamshonea gauni tatu na baibui moja la pamba lenye mifuko miwili ya ndani. Ya nne tunakataa, hata akitoa pesa mkononi. Mapato yamepungua kidogo, hatufichi. Lakini mwezi uliopita mmoja wao alirudi, hakuja na mfuko wa kuuza. Alikuja na kipande cha kamba ya makumbi kutoka Alappuzha, akakaa saa nzima akitusimulia.

Mwenyezi Mungu awape maharusi wote wa mwaka huu mapenzi na huruma, na awape macho ya kuona. Amin.