KONA YA FAMILIA: Mtu Aliyekuja Usiku

 

Juzi juzi mama mmoja alinisimamisha bombani akaniambia, "Mama, kila mara unaandika juu ya watoto na shule. Andika basi na juu ya hawa wababa wanaoogopa kuokoka." Tukacheka sana, kwa sababu kila mmoja pale foleni alikuwa na wake kichwani. Lakini nilipofika nyumbani nikaona si mambo ya kuchekwa. Kuogopa kubadilika ni ugonjwa wetu sote, na sisi wamama tumo.

Ajabu ni kwamba sisi watu wa kambi tumebadilishwa mara nyingi kuliko watu wengine. 1996 tulivuka ziwa kutoka Fizi na Uvira, hakuna aliyetuuliza kama tuko tayari. 2009 kambi ya Lugufu ikafungwa, tukaletwa hapa Nyarugusu na masufuria yetu na kuku zetu. Mnakumbuka tulivyolia? Lugufu ile ile tuliyokuwa tukiinung'unikia kila siku, siku ya kuondoka ikageuka kuwa kwetu! Tulikuwa sawa na wana wa Israeli kule jangwani: fimbo za Misri walizisahau, wakabaki kukumbuka samaki na matango. Tena Januari 2025 safari za wakimbizi kwenda Marekani zikasimamishwa, na watu waliokwisha kugawa vyombo wakaanza kuona haya kuviomba tena kwa jirani. Yote hayo hayakuomba ruhusa. Mabadiliko ya namna hiyo yanakuja na lori, wewe unapanda tu.

Lakini liko badiliko moja ambalo haliji na lori. Hilo linapiga hodi, na wewe unaweza kunyamaza ndani ukajifanya hupo. Hapo ndipo hofu yetu inapoonekana.

Nitawaeleza habari ya jirani yetu mmoja. Ameniruhusu, mradi nisimtaje jina. Ni mtu wa kule Fizi, fundi mzuri wa matofali, mikono yake haijui uvivu. Usiku ule wa 1996 nyumba yao ilichomwa na mdogo wake akauawa. Kanisani alikuwa haingii isipokuwa kwenye msiba. Mke wake akianza kuimba pambio jikoni, yeye anatoka nje. Na pombe ndiyo hiyo tena. Watoto wakisikia kikohozi chake njiani walikuwa wanalala haraka, hata kama hawajala.

Usiku mmoja wa 2014, saa nne imepita, tukasikia mtu mlangoni. Hakubisha vizuri, alikwaruza tu. Mimi nilidhani mwizi, nikakamata mwiko. Kumbe ni yeye. Alikuwa amezunguka kwa nyuma ili wenzake wa kilabuni wasimwone. Akakaa, akanyamaza muda mrefu, halafu akamwambia mume wangu, ambaye ni mwinjilisti: "Mwinjilisti, mimi nataka. Lakini naogopa."

"Unaogopa nini, ndugu yangu?"

Nilidhani atasema pombe, au marafiki watamcheka. Akasema: "Nikimkubali huyo Yesu wenu, atanidai nisamehe. Na hii hasira ndiyo kitu pekee nilichotoka nacho kwetu. Vingine vyote viliungua. Nikiiacha, mdogo wangu atakumbukwa na nani?"

Wapendwa, nilibaki na mwiko mkononi. Mimi sikuwa na jibu. Mpaka leo naona lile lilikuwa swali zuri kuliko mengi ninayosikia kwenye mafundisho ya ubatizo.

Mume wangu hakumharakisha. Alimwambia tu, "Mungu hakuambii umsahau mdogo wako. Mkumbuke. Kulipiza ndiko anakotaka umwachie yeye." Halafu akamfungulia habari za Nikodemo katika Yohana sura ya 3. Yule naye alikuwa mtu mkubwa, mwalimu, akamwendea Yesu usiku, na swali lake lilikuwa la hofu vilevile: mtu mzima atazaliwaje tena? Ukisoma vizuri utaona Yohana haandiki kwamba Nikodemo aliamini usiku ule. Alienda zake. Sura ya 7 anajaribu kumtetea Yesu kidogo mbele ya wakubwa wenzake, wanamkemea. Ni sura ya 19, wakati wanafunzi wenyewe wametawanyika, ndipo anapotokea na manemane na uudi, ratli kama mia, kusaidia kumzika Bwana. Mzigo wa ratli mia hauwezi kuufichia chini ya kanzu! Basi kutoka sura ya 3 mpaka ya 19 ni mwendo, na sisi kanisani mara nyingi tunataka mtu aumalize kati ya Jumapili na Jumatatu. Asipoumaliza tunasema hakuokoka vizuri.

Jirani naye alienda zake. Wiki zikapita. Siku moja nikamwona amekaa benchi la mwisho, karibu na mlango. Halafu akaanguka: siku ya mgao akauza sehemu ya unga, akanywa. Mke wake alikuja kwangu analia, akasema, "Si nilijua?" Nilimwambia asimwambie mumewe neno hilo. Sijui kama alinisikia. Ila Jumapili iliyofuata yule baba alirudi kwenye benchi lake.

Mwaka 2015 ndugu zetu wa Burundi wakakimbia. Wengi walikwama Kagunga, meli ya Liemba ikawabeba mpaka Kigoma, na wengi wao wakaletwa hapa. Shule zikajaa, makanisa yakajaa, na letu pia, mikeka mpaka madhabahuni. Jirani alikuja kuangalia. Akasimama mlangoni, akasikia lugha yao, inayofanana na ile aliyoisikia usiku ule nyumba yao ikiungua. Nikamwona uso umebadilika. Akageuka akaondoka bila kuaga. Moyoni nikasema, basi, imekwisha. Mungu anisamehe kwa ile imani yangu ndogo.

Jioni akarudi anasukuma baiskeli na bidoni ya lita ishirini. Akaitua mbele ya bibi mmoja aliyekuwa na mjukuu mgonjwa. Hakusema hata "karibu". Mikono ilikuwa inatetemeka, maji mengine yakamwagika. Baadaye nilimuuliza, akanijibu kwa mkato: "Yule mtoto alikuwa hajazaliwa mwaka ule."

Alibatizwa mwishoni mwa 2015, mchana, watu wakiangalia, na wale wa kilabuni walikuwepo. Msidhani amekuwa malaika. Nikimuuliza kama amesamehe ananiambia, "Asubuhi nasamehe, jioni naanza upya." Mdogo wake bado anamtaja, siku hizi kwenye maombi, kwa jina lake lote. Na mke wake anasema kile kikohozi njiani sasa ndicho kinachowaamsha wajukuu.

Basi mama wa bombani, mwambie mzee wako kwamba kwetu hata usiku anakaribishwa, hatutamtangaza. Ila abishe hodi kwa sauti, maana mwiko bado nauweka karibu.

Tuonane mwezi ujao, Mungu akipenda.