Elimu ya Wanyamapori Ianze kwa Wazazi



Ikitajwa kazi ya kuhifadhi wanyama, wengi humfikiria Bwana Nyama na bunduki yake. Lakini kazi hiyo ina watu wengi. Yupo askari wa doria. Yupo daktari wa wanyama. Yupo pia mwalimu wa mazingira. Chuo cha Mweka, huko Moshi, kimefundisha watunzaji wa wanyamapori tangu mwaka 1963.

Mimi nasema mwalimu huyu ni wa lazima kama askari. Tuitazame Mkomazi, hapa Same. Ilifanywa pori la akiba mwaka 1951. Mwaka 1988 wafugaji waliondolewa humo, na uchungu wake haujasahaulika. Mwaka 1997 waliletwa faru weusi kutoka Afrika Kusini. Mwaka 2008 pori likawa Hifadhi ya Taifa.

Faru wanalindwa ndani ya uzio. Tembo hawakuzungushiwa uzio. Hutoka wakaingia mashambani. Mkulima aliyepoteza mahindi yake kwa usiku mmoja hawezi kumpenda tembo kwa kuambiwa tu.

Watoto wa shule za jirani wamepelekwa kwa basi kuwaona faru na kujifunza. Ni jambo jema. Lakini mtoto hana shamba, hana ng'ombe, wala hana shoka. Anayeamua kutega mtego au kukata mti ni mzazi. Wengine watasema mtoto wa leo ndiye mzazi wa kesho. Ni kweli, lakini msitu unaokatwa leo haungoji kesho. Kwa hiyo somo hili liingie katika madarasa ya watu wazima.

Mwalimu asije kutuhubiria. Atueleze namna ya kutoa taarifa ya hasara, na sheria ya kifuta jasho na kifuta machozi inasemaje. Naye atusikilize. Wapare walikuwa na misitu ya matambiko isiyoguswa. Walichimba ndiva, wakayagawa maji kwa zamu. Wanajua kwamba msitu wa Shengena ukiisha, mifereji itakauka, na tangawizi haitaota.

Vijana wa Same, msiione kazi hii kuwa ndogo. Askari humkamata mtu aliyekwisha kutega mtego. Mwalimu humfikia kabla hajautega.