Sukari imeshuka, na moyo je?

Baba mwenye kisukari aina ya pili akiambiwa sukari imeshuka, nyumba nzima hushusha pumzi. Moyo, ambao ndio huwaua wengi wa wagonjwa hawa, hauulizwi. Sukari ikizidi kwa miaka, mishipa ya damu huvimba kwa ndani bila maumivu, na ini humwaga protini iitwayo CRP kwenye damu. Ikipita miligramu 3 kwa lita, hatari ya moyo huhesabiwa kubwa.

Ila malaria, ambayo Geita na Shinyanga haina ugeni, huipandisha kupita 10. Aliyetoka kuugua asubiri wiki mbili ndipo apime. Zahanati nyingi hazina kipimo hicho. Cha presha zinacho. Baba akirudi kliniki hakupimwa presha, mama aulize.