Daftari la Wiki: Sahani za Eastleigh

Anayeulizia vyakula vya kigeni jijini Nairobi huelekezwa kwa kawaida Westlands au Kilimani, ambako mikahawa ya Kiitaliano, ya Kijapani na ya Kichina humngoja mteja mwenye gari na nafasi ya kuchagua. Lakini mtaa wa Eastleigh, ulio mashariki ya katikati ya jiji, unastahili kutazamwa kwanza, kwa kuwa nyingi kati ya hoteli zake zilifunguliwa ili kumlisha mtu aliye mbali na kwao chakula alichokizoea, na mgeni wa ladha hizo akakaribishwa baadaye. Wasomali walikuwepo mtaani humo tangu enzi za ukoloni, wakiishi jirani na Wahindi, ambao wengi wao walihama baada ya uhuru wa mwaka 1963. Kilichougeuza mtaa ni kuanguka kwa serikali ya Siad Barre nchini Somalia mnamo Januari 1991: wakimbizi walipofika kwa wingi, nyumba ya kulala wageni iliyoitwa Garissa Lodge ikageuka soko, vyumba vikawa maduka, na wachuuzi wakamiminika kutoka sehemu nyingi za Kenya na nchi jirani. Penye wachuuzi pana njaa ya mchana, na hoteli zikafuata maduka.

*

Sahani ya mchana ya Kisomali hubeba bariis, yaani wali uliopikwa katika supu ya nyama na kukolezwa xawaash, mchanganyiko wa viungo vilivyosagwa ambao ndani yake mna bizari nyembamba, giligilani, iliki, mdalasini, pilipili manga na manjano. Juu yake huwekwa nyama ya mbuzi au ya ngamia, na pembeni huwekwa basbaas, ambayo ni pilipili ya kusaga, pamoja na ndizi mbivu isiyomenywa. Mteja huimenya ndizi mwenyewe, huikata vipande na kuila ndani ya tonge lilelile la wali, wala haiachi hadi mwisho wa mlo, kwa sababu utamu wake hutuliza ukali wa pilipili. Ndizi hiyo ina historia ya mashamba, kwa maana Waitaliano waliotawala kusini mwa Somalia walianzisha kilimo kikubwa cha ndizi za kuuzwa nje katika mabonde ya mito Shebelle na Juba. Kwao pia ndiko ilikotoka baasto, yaani tambi, ambayo huliwa kwa suugo, mchuzi wa nyama na nyanya, na walaji wengi huila kwa mkono bila kuhitaji uma. Anayetaka wali na baasto kwa pamoja hupakuliwa nusu kwa nusu katika sahani moja, ambayo wapishi wameipa jina lenye maana ya shirikisho. Mlaji aliyezoea mikahawa ya Westlands anaweza kuidhania baasto hiyo kuwa chakula cha Kiitaliano kilichopotoshwa, na dhana hiyo haina haki: vizazi kadhaa vya wapishi wameitia xawaash na kuilisha familia zao, kwa hiyo ni chakula cha Kisomali kamili.

*

Maziwa ya ngamia yanayotiwa katika chai ya hoteli hizo hayatoki karibu. Mengi hukamuliwa na wafugaji wa kaunti ya Isiolo, takriban kilomita 280 kaskazini mwa Nairobi, hukusanywa na wanawake wafanyabiashara waliojiunga katika vikundi, kisha hupakiwa ndani ya jerikeni katika mabasi ya abiria hadi Eastleigh, ambako wanawake wengine huyapokea na kuyauza. Vyombo hufukizwa kwanza kwa moshi wa vijiti vya miti maalumu, jambo linalopunguza vijidudu, linaloyafanya maziwa yakawie kuchacha, na linaloyaachia harufu ambayo mnywaji wa mara ya kwanza huishangaa na mzoefu huidai. Yaliyochacha hayamwagwi, bali huuzwa kama suusac, maziwa ya mgando yenye wapenzi wake. Kiangazi kikikaza huko kaskazini, ngamia hupunguza maziwa, na muuza chai wa Eastleigh huwa miongoni mwa wa kwanza kujua. Ujuzi wa wanawake hao unastahili heshima ileile inayotolewa kwa wapishi wa hoteli kubwa.

*

Katika mtaa huohuo zimo hoteli za Waethiopia, na ndizo zinazofundisha vizuri zaidi jinsi vyakula viwili ndugu vinavyoweza kutofautiana. Canjeero ya Wasomali na injera ya Waethiopia zote ni mkate mwembamba wa unga uliochachuliwa, wenye vitundu juu; ila canjeero ni ndogo na mara nyingi huliwa asubuhi kwa chai, mafuta ya ufuta na sukari, au kwa maini, ilhali injera hutandazwa sinia nzima na mboga zikapakuliwa juu yake, hata ikawa mkate, sahani na kijiko kwa wakati mmoja. Injera halisi ni ya tefu, nafaka yenye punje ndogo mno ambayo serikali ya Ethiopia ilipiga marufuku isiuzwe nje mwaka 2006. Wapishi wengi wa ughaibuni huichanganya na unga mwingine. Jumatano na Ijumaa, ambazo kwa Waorthodoksi ni siku za kufunga nyama, maziwa na mayai, sinia hujaa kamande na shiro, mchuzi mzito wa unga wa dengu.

*

Makala za vyakula hunyamazia hali ya wapishi wenyewe, na kunyamaza huko ni kosa. Mwezi Aprili 2014, katika msako wa polisi uliopewa jina la Usalama Watch, maelfu ya watu walikamatwa, wengi wao kutoka Eastleigh, na baadhi yao wakazuiliwa katika uwanja wa Kasarani ili vitambulisho vyao vikaguliwe. Mpishi anayeogopa kutoka nyumbani hawezi kuwasha jiko alfajiri, hata hoteli yake iwe na sifa gani.

*

Majengo, Pumwani, ni jirani wa karibu, na waliojenga humo tangu miaka ya 1920 ni pamoja na Waislamu wenye desturi za Pwani, waliokuwa nao wageni katika jiji hili. Asubuhi huuzwa mahamri kwa mbaazi, na jioni viazi karai, yaani viazi vya kuchemshwa vinavyochovywa katika rojo la unga na kukaangwa. Mbaazi hulimwa kwa wingi Ukambani na nazi hutoka Pwani. Mbaazi hutiwa tui zito zikishaiva, na moto hupunguzwa ili tui lisikatike.