Meli ya Mreno Imetunzwa, Jahazi Letu Je?

Mgeni akija Mombasa akataka kuona mambo ya kale, kwanza twampeleka Ngome. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, na tangu 2011 imo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Mwezi uliopita nilikuwa na mgeni wa aina hiyo, mzee mmoja wa Sur, Omani, ambaye marehemu babake alikuwa baharia na alifika bandari hii mara nyingi kwa pepo za kaskazi. Nilimtembeza kutwa nzima. Tangu siku hiyo nina neno, na afadhali nilitoe.

Ndani ya Ngome tulisimama sana mbele ya vitu vilivyotolewa katika Santo António de Tanna. Merikebu hiyo ya vita ilitoka Goa kuja kuwaokoa Wareno wenzao waliohusuriwa na Waomani, husuru iliyoanza Machi 1696 na kwisha Desemba 1698. Ikazama papo hapo, chini ya Ngome, mwaka 1697. Kati ya 1977 na 1980 wapiga mbizi na wataalamu walishinda majini msimu baada ya msimu, wakaipima ubao kwa ubao, wakatoa vyombo vya kaure vya Uchina na silaha, kisha mbao zenyewe wakazifunika tena kwa mchanga zisioze. Kazi njema, wala siipingi. Lakini angalia: chombo cha aliyekuja kututawala kwa mizinga kilipata mafundi, fedha na chumba cha kukaa.

Tukateremka Bandari ya Kale. Mimi nilidiriki mwisho mwisho wa majahazi ya Arabuni. Tukitoka chuoni, na wino haujakauka vidoleni, twakimbilia pwani kuona tende na papa mkavu vikishushwa, mabaharia wakiimba. Kusi ikianza yaondoka na boriti za Lamu, hata serikali ilipopiga marufuku kuuza mikoko nje mwaka 1982, na biashara iliyokuwa tayari yachechemea ikavunjika mguu. Mzee akatazama maji kwa muda, akaniuliza, “Na vyombo vyenu wenyewe, mwanangu, mmeviweka wapi?”

“Kuna picha, ami,” nikamwambia. “Na vielelezo vidogo vidogo, katika makumbusho ya Lamu.”

Kwao Sur, kando ya khori, limesimama jahazi zima, Fath al-Khayr. Lilikuwa limekwisha uzwa Yemen. Watu wa Sur wakachanga, wakalinunua, likarudi nyumbani. Na Muscat kuna Sohar, iliyoundwa hapo hapo Sur mwaka 1980 kwa kushonwa kamba za makumbi, kwa namna ya kale, ikatweka tanga ikenda hadi Canton, Uchina, na kufika 1981.

Chombo cha kushona, msomaji, si kigeni kwetu. Mtepe wa Wabajuni ulikuwa ni huo: mbao zashonwa kwa kamba ya kumbi, tanga ni mkeka, na omoni macho yamechorwa. Mitepe ya mwisho ilitoweka katika karne iliyopita, na aliyejua kuishona akafa na ujuzi wake. Wazanzibari waliunda mmoja wa mfano mwaka 2003 ndani ya Beit al-Ajaib. Jumba lenyewe liliporomoka upande mmoja Desemba 2020. Pwani nzima haifai kutegemea mtepe mmoja katika nyumba moja.

Tulisoma chuoni, katika Suratul Kahf, habari za jahazi la maskini lililotobolewa makusudi ili mfalme mporaji asilitamani. Letu halikuporwa na mfalme. Tumeliacha ufuoni likapasuka jua, tukalifanya kuni.

Wako watakaosema mbao ni mbao, na kwamba vyombo hivyo vilibeba watumwa. Kweli vilibeba, na anayekitunza chombo na alieleze hilo pia, asituonyeshe tende peke yake. Wengine watasema fedha hakuna. Hao siwasikizi. Mji huu wachanga kwa harusi siku saba, wachanga kwa maulidi, wachanga hata kwa timu ya mpira isiyofunga bao.

Wala sitaki jahazi la kupandishwa juu ya saruji kama pambo la njia panda. Chombo kikikaa kavu mbao hujikunja na kalafati hutoka. Nataka kiwe majini, kipakwe sifa kila msimu, na vijana wafundishwe kutweka foromali na kujua ngama inavuja wapi. Lamu bado wanashindana kwa mashua siku za maulidi. Kwa nini Mombasa tuwe watazamaji?

Matondoni wangaliko mafundi wanaounda kwa shoka na tezo, ila wengi ni watu wazima, na wana wao wamekwenda kuendesha bodaboda. Hao waulizwe bei mwaka huu. Pa kukifunga pako, chini ya ngazi za Leven, ambapo maji yajaa na kupwa bure. Mimi natoa mia tano zangu leo, na nangoja kuambiwa nani atashika daftari.