Kuuza Sauce Ilikuwa Sawa, Lakini Sasa Jets Wana Deni

Wacha niseme mapema ndio tusisumbuane: New York Jets kuuza Sauce Gardner na Quinnen Williams siku moja ulikuwa uamuzi sahihi. Najua kuna wasee bado wana uchungu. Najua kuna mtu mahali alinunua jezi namba 1 na mpaka leo hajui aifanyie nini. Pole sana. Lakini tuongee ukweli.

Kwanza, kwa wale wamezoea ligi ya Uingereza na mwezi wa Januari wake, mjue NFL ni maneno mengine kabisa. Huku klabu haiendi kwa klabu nyingine na gunia la pesa. Ukitaka mchezaji wa mwenzako katikati ya msimu, unalipa kwa mchezaji wako ama kwa chaguo lako la drafti, yaani zamu yako ya kuchagua vijana wanaotoka vyuoni kila Aprili. Kwa kawaida timu mbovu zaidi huchagua kwanza na bingwa huchagua mwisho kwenye raundi. Juu ya hiyo kuna kikomo cha mishahara. Mwaka wa 2025 kilikuwa dola milioni 279.2 kwa kila timu, uwe tajiri ama uwe nani. Kwa hivyo kila ukinunua leo, umekata kipande cha kesho. Hakuna njia ya mkato.

Ndio maana swali la katikati ya msimu si "nani anauzwa?" Hilo ni swali la mashabiki. Swali la meneja ni "sisi ni nani?" Timu ikijidanganya kwa jibu la hilo, itaumia miaka mitatu.

Na Jets wanajua kujidanganya, manze. Rudi Oktoba 2024. Timu ilikuwa imeshinda mechi mbili na kupoteza nne. Kocha Robert Saleh alikuwa ashafutwa. Kwotabeki alikuwa Aaron Rodgers, mzee wa miaka 40 aliyekuwa ametoka kwa jeraha la kano ya kisigino. Timu ya akili ingeketi chini ijiulize imefikaje hapo. Jets wakaenda Las Vegas wakamleta Davante Adams, rafiki wa Rodgers wa tangu Green Bay, kwa chaguo la raundi ya tatu lenye masharti. Walimaliza msimu na ushindi 5 na vichapo 12. Machi iliyofuata wakamwachilia Adams aende zake bure. Rodgers naye akaenda. Hiyo ndiyo inaitwa kununua sofa mpya na nyumba inavuja.

Sasa linganisha na mwaka uliofuata. Meneja mkuu mpya, Darren Mougey. Kocha mpya, Aaron Glenn. Walianza kwa kupoteza mechi saba mfululizo, wakapata ushindi wa kwanza dhidi ya Bengals, 39 kwa 38. Moja kwa saba. Tarehe 4 Novemba 2025, siku ya mwisho ya biashara (dirisha lilifungwa saa sita usiku kwa saa zetu), wakaangalia kioo na kukubali walichokiona.

Sauce akaenda Indianapolis Colts, timu ile Daniel Adongo wetu alichezea 2013. Jets wakapata machaguo mawili ya raundi ya kwanza, la 2026 na la 2027, pamoja na mpokeaji Adonai Mitchell. Quinnen akaenda Dallas Cowboys. Jets wakapata chaguo la raundi ya pili la 2026, la raundi ya kwanza la 2027, na Mazi Smith. Ukijumlisha na yao wenyewe, Jets waliondoka pale na machaguo matano ya raundi ya kwanza kwa drafti mbili. Matano!

Mtaniambia: "Lakini Sauce alikuwa bora wa kwake." Sawa, sikatai. Alichaguliwa wa nne 2022, akawa mlinzi chipukizi bora wa mwaka, akaingia kikosi bora cha ligi 2022 na 2023. Julai 2025 alikuwa ametoka tu kusaini mkataba wa miaka minne wa dola milioni 120.4. Lakini fikiria kazi ya konabeki. Yeye anazuia pasi. Mpinzani akishakuongoza kwa alama 14, anarusha pasi za nini tena? Anakimbia na mpira katikati, saa inakwisha, mnaenda nyumbani. Konabeki wa bei ghali kwa timu inayopoteza kila wiki ni kama kufuli ya chuma kwa mlango wa kitambaa. Kufuli ni nzuri, hakuna ubishi. Shida ni mlango.

Na wanunuzi je? Hapa ndipo mambo yanakuwa matamu.

Kununua si ujinga. Rams walikuwa 7-1 mwaka wa 2021 walipomchukua Von Miller kutoka Denver kwa machaguo ya raundi ya pili na ya tatu. Februari wakabeba Super Bowl LVI, na Miller alimwangusha kwotabeki wa Bengals mara mbili kwenye fainali hiyo. Rams walijua wao ni nani.

Colts nao walikuwa 7-2 siku walipomnunua Sauce. Mimi siwacheki. Ukiwa 7-2, lazima ujaribu. Lakini angalia mpira huu ulivyo katili: Sauce akaumia msuli wa mguu baada ya mechi chache tu. Desemba, kwotabeki wao Daniel Jones akakatika kano ya kisigino. Wakamrudisha Philip Rivers, mwenye miaka 44 na aliyekuwa ashastaafu, na bado hawakuokoka. Walimaliza 8-9. Chaguo ambalo kila mtu alidhani litakuwa la mwisho wa foleni likaangukia katikati, na ni la Jets.

Wale ninaowauliza maswali ni Cowboys. Agosti walikuwa wamempa Green Bay Micah Parsons, mshambulizi wao bora wa kwotabeki, wakapata machaguo mawili ya raundi ya kwanza na Kenny Clark. Sawa, mmeamua kuuza. Halafu Novemba, mkiwa 3-5-1, mnatoa la raundi ya kwanza na la pili kununua? Quinnen ni mchezaji mkubwa, na mkataba wake haukuwa wa kuisha kesho, hiyo nawapa. Lakini walimaliza 7-9-1. Kuuza na kununua ndani ya miezi mitatu ni kukosa jibu la lile swali.

Jets wenyewe sijawapa alama zote. Breece Hall, mkimbizaji wao bora, alikuwa kwenye miezi ya mwisho ya mkataba wake, na hawakumuuza. Ukishaamua kuwa unabomoa nyumba, usiache ukuta mmoja kwa sababu una picha nzuri.

Sasa tufike kwa deni.

Hii si mara ya kwanza Jets kuuza nyota. Mwaka wa 2020 walimuuza Jamal Adams kwa Seattle, nao wakapata machaguo mawili ya raundi ya kwanza na mengine juu yake. Moja la hayo ndilo lililoleta Garrett Wilson 2022, mpokeaji wao bora mpaka sasa. Kwa hivyo anayesema chaguo ni karatasi tupu hajaangalia historia. Lakini historia hiyo hiyo ina upande wa pili. Mwaka wa 2021, na chaguo lao wenyewe la pili kwa jumla, walimchukua kwotabeki Zach Wilson. Miaka mitatu baadaye wakampeleka Denver. Waliuza vizuri, wakachagua vibaya mahali pale pale palipouma, na timu ikarudi ilipokuwa.

Hiyo ndiyo hofu yangu. Kuuza ni nusu ya kazi, na ni ile nusu rahisi. Jets hawajaonja mchujo tangu msimu wa 2010. Super Bowl yao moja tu ni ya Januari 1969. Msimu wa 2025 walimaliza 3-14. Kuna watu wameolewa, wamezaa na watoto wameanza shule bila kuona timu hii ikicheza Januari. Sisi wa huku tunaamka saa kumi alfajiri kuangalia mechi za Jumatatu yao, siku ya kazi, halafu mtu anakuambia subira huvuta heri. Heri gani na tumevuta miaka kumi na tano?

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu. Mougey na Glenn walichukua wachezaji wawili ambao mashabiki waliwapenda na kuwageuza kuwa ahadi. Ahadi ni deni. Machaguo matano kwa drafti mbili yanatosha kupata kwotabeki wa kweli, ama kwa kumchagua, ama kwa kupanda ngazi na kumfuata. Mwisho wa 2027 wakiwa bado wanatafuta mtu wa kurusha mpira, hakutakuwa na kisingizio cha jeraha wala cha "tunajenga." Sauce na Quinnen watakuwa wameenda bure.

Lakini kwa Novemba ile, kwa rekodi ile, mkono wangu uko juu. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, Jets walijibu swali bila kudanganya.

Haya, semeni. Ungekuwa kwa kile kiti ukiwa 1-7, simu ya Indianapolis inalia na machaguo mawili mezani, ungeuza ama ungemshikilia Sauce? Na usiniambie "inategemea."