Bustani Iliyosafishwa Mara Mbili

Wenzangu, watu huisifu Bustani ya Michuki, kando ya Mto Nairobi, kwa miti yake. Mimi naona sifa hazitoshi. Zamani pale palikuwa jaa la taka na gereji za jua kali, mpaka Waziri John Michuki aliposimamia usafishaji mwaka 2008. Alifariki mwaka 2012. Uangalizi ukalegea, taka na gereji zikarudi, hata ikabidi kazi ianzwe upya mwaka 2020. Usafi ukitegemea mtu mmoja, hufa naye. Wala tusiwalaumu mafundi tu, maana asiye na kiwanja hutafuta uwazi. Yafaa wao wapewe mahali pao, na bustani ipewe watunzaji wa kudumu. Sisi tufagiao bweni kila asubuhi twajua: vumbi halina likizo.